Vyeti vimejaa, kazi imelala: majibu kwa wasomaji wa Moshi na Arusha

Safari hii wengi walioandika ni watu wa maabara na hospitali wanaoanza kutumia akili unde kwenye utafiti wa afya. Maswali nimeyafupisha.

Shikamoo. Kila mradi unaoingia idarani kwetu unakuja na semina yake ya akili unde: siku tatu za Python, lugha ya kuandikia programu, picha ya pamoja, cheti. Mradi ukifungwa, na akaunti zinafungwa. Mwakani tunaanza tena sifuri. Tufanyeje? (Mtaalamu wa maabara, Moshi)

Marahaba. Vyeti mnavyo vya kutosha. Mnachokosa ni mtu wa kumuuliza Jumanne mchana programu inapogoma. H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinfomatiki (kuchambua data za biolojia kwa kompyuta), ulilijua hilo mapema. Kozi yao ya utangulizi wa bioinfomatiki ya mwaka 2016 iliendeshwa kwa wakati mmoja katika vituo 20 vya nchi 10 za Afrika, kwa miezi mitatu. Mihadhara ilirekodiwa na mazoezi yalikuwa yaleyale kila mahali, lakini kila kituo kilikuwa na wasaidizi wake waliokaa darasani na wanafunzi.

Kwetu mambo ni mepesi zaidi. Moshi kuna hospitali ya KCMC, chuo chake kikuu na taasisi ya utafiti ya KCRI. Tengeru, jirani na Arusha, kuna Taasisi ya Nelson Mandela yenye watu wa hesabu na kompyuta. Unapanda basi asubuhi, jioni umerudi. Ningeulizwa mimi, fedha za semina kadhaa ningemlipia mtu mmoja mshahara: ashike mtaala mmoja, atunze misimbo yote ya programu mahali pamoja, azunguke vituoni. Mradi ukiisha, yeye na misimbo wabaki. Najua posho ya semina ina wapenzi wengi kuliko mshahara wa mtu mmoja, na hapo ndipo mipango ya aina hii hukwama.

Tumeunganisha jedwali letu la wagonjwa wa kisukari na la wenzetu wa Moshi. Modeli (programu iliyojifunza kwenye data hiyo) inatoa majibu ya ajabu, na ghafla tuna wazee wengi wa miaka 99. (Afisa takwimu, Arusha)

Hao si wazee. Upande mmoja umri usiojulikana uliandikwa 99, upande wa pili uliachwa wazi, na modeli imeamini ilichokuta. Kagueni na safu ya jinsia: wengine huandika 1 na 2, wengine Me na Ke. Halafu sukari. Mwenye kuandika 7 kwa mmol/L na mwenye kuandika 126 kwa mg/dL wanasema kitu kimoja, ila kompyuta haijui. Tarehe 03/04 nayo ni ya Aprili au ya Machi?

Rudini mezani muandike kamusi ya data: kila safu, maana yake, kipimo chake, na alama ya kisichojulikana. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya pamoja. Kisha wote mtumie fomu moja ya kujazia. REDCap, programu ya kukusanyia data za utafiti iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2004, hutolewa bure kwa taasisi zisizofanya biashara na huitunza kamusi hiyo ndani yake. Modeli isubiri.

Sina kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Tengeru)

Inategemea kazi, mdogo wangu. Ukitafuta umbo la protini, huenda limeshakokotolewa: hifadhidata ya AlphaFold, programu ya akili unde inayokisia maumbo ya protini, ina maumbo zaidi ya milioni 200, bure. Jedwali la wagonjwa elfu chache linamalizwa na kompyuta mpakato yako. Ukifika kwenye picha nyingi, jaribu Google Colab, huduma ya kutumia kompyuta za Google kupitia mtandao. Ina kiwango cha bure, ila hukata bila hodi. Taarifa za wagonjwa usizipakie humo.

Programu za kusoma eksirei za kifua kikuu zimekubaliwa na WHO. Kwa nini tena tuzijaribu hapa? (Daktari, Moshi)

WHO ilizipendekeza mwaka 2021 kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, lakini programu huipa kila picha alama, na kiwango cha alama cha kuamua nani apimwe makohozi hupangwa kulingana na mahali. Watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 2018 walikuta modeli ya nimonia ikifanya vibaya zaidi kwenye picha za hospitali nyingine. Ilikuwa pia na uwezo wa kutambua picha imetoka hospitali gani, yaani huenda iliegemea alama za hospitali badala ya za ugonjwa. Kwa hiyo ijaribuni kwa picha za wagonjwa wenu, zenye majibu ya maabara.

Nikilifunika jina kwenye picha, naweza kuwatumia wenzetu wa nje? (Mpiga eksirei, Arusha)

Hapana, dada. Faili la DICOM, muundo unaotumika kuhifadhi picha za hospitali, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa ndani yake, hata kama juu umefunika. Futa huko ndani pia. Na hata ukishafuta, unahitaji kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

ChatGPT imenipa marejeo kumi. Mawili siyaoni PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. (Mwanafunzi, Moshi)

Huenda hayapo kabisa. Hizi programu hubuni marejeo. Yafute. Yale manane yafungue moja moja uyasome, kabla msimamizi wako hajayafungua.