Wadudu themanini kichwa kimoja: maswali yenu kwa mfamasia

Wiki hii meseji za wanafunzi wa famasi zimejaa, nadhani UE (mitihani ya mwisho wa semista) zimekaribia. Nimechukua mbili za wanafunzi na moja ya mzazi, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana nimejiona mwenyewe humo ndani.

Dada mfamasia, za kazi? Niko mwaka wa pili famasi, Dodoma. Semista hii tuna maikrobaiolojia ya tiba na magonjwa ya kuambukiza na naona inanishinda kabisa. Wadudu kama themanini, majina yote Kilatini, nakariri slaidi mpaka saa nane usiku najua kila kitu, asubuhi naamka kabaki Salmonella peke yake. Test ya kwanza nimepata 11 kati ya 30. Halafu niulize ukweli, kwani mimi ntakuwa mtu wa maabara? Wa maabara anamtaja mdudu, daktari anaandika dawa, mimi natoa. Sasa mdudu kuwa na mkia au kutokuwa nao kunanihusu nini? Nisaidie dada, naogopa sapu, kurudia mtihani.

Pole mdogo wangu. Kabla sijaenda mbali nikuambie tu kwamba mimi hiyo sapu niliila, tena somo hilohilo. Swali lilikuwa hivi: kijana ana nimonia, kikohozi kikavu, kapewa amoksilini dozi kamili na kameza vizuri, hakuna nafuu, eleza kwa nini. Nikajaza kurasa mbili za usugu wa dawa, vimeng'enya vinavyokata penisilini, sijui jeni, nikatoka nje natabasamu. Kumbe mwalimu alikuwa anataka kitu cha mstari mmoja, kwamba huyo anaweza kuwa na Mycoplasma, aina ya bakteria, na Mycoplasma hana ukuta. Amoksilini kazi yake ni kuharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, sasa mtu hana nyumba unamvunjia nini?

Hapo ndo swali lako la pili linajibika. Wa maabara anajua mdudu ni nani, sawa. Daktari anamjua mgonjwa. Ila wewe ndo mtu wa mwisho kuiona cheti kabla dawa haijaingia mdomoni, na kazi yako ni kujua hiyo dawa itamfikia huyo mdudu au itapita pembeni. Vankomaisini kwa mfano ni dawa nzito ya heshima, lakini molekuli yake ni kubwa, haipenyi ule utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi (kundi nitakalokueleza hapo chini), kwa hiyo ukiona imeandikwa peke yake kwa maambukizi ya E. coli, ambaye ni wa kundi hilo, unanyanyua simu unampigia daktari. Na ukimpa mtu aimeze haitoki kwenye utumbo kwenda kwenye damu, ndo maana ya kumeza tunaitumia kwa ugonjwa ulioko humohumo utumboni, yule Clostridioides difficile wa kuharisha baada ya antibayotiki. Hiyo habari huipati kwa kukariri jina la dawa, unaipata kwa kujua mdudu kajengwaje na anaishi wapi.

Kwa hiyo anza na ukuta. Hans Christian Gram, Mdenmaki, alikuwa Berlin mwaka 1884 akihangaika kuwaona bakteria kwenye vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akapata njia ya rangi tunayoitumia mpaka leo. Zambarau, halafu ayodini, halafu spiriti ya kuosha, mwisho rangi nyekundu. Mimi huwa nafikiria blanketi na leso. Vilowekwe vyote kwenye rangi halafu visuuzwe, blanketi zito linabaki na rangi yake, leso inatoa yote na unaweza kuipaka nyingine. Gram chanya ndo blanketi, ukuta mnene, anabaki zambarau. Gram hasi ukuta mwembamba ila kajifunika utando wa ziada kwa nje, na huo utando ndo unaozuia dawa nyingi. Ukishaelewa hapo, nusu ya wale themanini wamejipanga wenyewe bila kukaririwa.

Majina nayo usiyaogope, yana maana. Staphylo ni kichala cha zabibu, strepto ni kitu kilichosokotwa kama mnyororo, coccus ni punje. Aureus ni ya dhahabu, kwa sababu ya rangi ya makoloni yake, yale makundi yanayoonekana kwa macho, kwenye sahani ya kuoteshea. Yaani Staphylococcus aureus ni "punje za dhahabu kwenye kichala", na ukimchungulia kwenye hadubini ndo alivyo kweli, punje zimeshikana kichala (dhahabu utaiona kwenye sahani, sio kwenye hadubini, hapo wengi wanachanganya). Mimi haya nilikuja kuambiwa na mtu wa mwaka wa nne, nikakasirika, kwa nini hawakusema siku ya kwanza!

Baada ya ukuta uliza hewa. Jentamaisini inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria, kwa hiyo kwa wale wasioishi kwenye oksijeni haina lolote. Metronidazoli ni kinyume chake, inaamka ikifika mahali pasipo na oksijeni. Sasa ukienda wodini ukakuta mgonjwa kidole tumbo kimepasuka kaandikiwa seftriaksoni na metronidazoli pamoja, usiandike tu kwenye daftari la fildi kwamba "hii ndo protokali". Utumbo ukitoboka wanamwagika wote, wanaotaka hewa na wasioitaka, na kila dawa inakwenda na wa kwake.

Halafu uliza anazaliana kwa kasi gani, hapa ndo napapenda mimi. E. coli akipata mazingira mazuri anagawanyika kila dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu, yule Robert Koch aliyemtangaza Machi 24, 1882, anachukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja tu. Ndo maana kumuotesha maabara ni wiki kadhaa na dawa zake za kawaida ni miezi 6, miwili ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli) na minne ya mbili za mwanzo. Kwa nini nne kwa mpigo? Kwa sababu kwenye lile jeshi lote ndani ya mapafu kuna wachache ambao kwa bahati tu tayari ni sugu kwa dawa moja, ukitoa moja peke yake umewachagua wao wabaki watawale. Na hapo kazi yako ya famasi inaanza: rifampisini inafanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, usipomwambia mgonjwa atadhani anakojoa damu ataacha dawa, tena rifampisini inachochea ini limalize dawa nyingine haraka, kwa hiyo mwenye VVU anayetumia dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku anapewa mara mbili kwa siku, na dada anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango lazima umwambie haviaminiki tena kipindi hicho. Kaone, tumeanza na mdudu mvivu tumefika kwenye uzazi wa mpango, na yote ni somo moja.

Kwa vitendo sasa. Madesa (notisi na maswali ya zamani) ya waliotangulia tumia kuangalia maswali, usiyatumie kusomea. Chukua karatasi kubwa, chora mwenyewe kwa mkono, kila mdudu umuulize maswali yaleyale: ana ukuta gani, anakaa wapi mwilini, anaingilia wapi, dawa gani inamfikia, na hiyo dawa inashindwa lini. Hilo la mwisho ndo la mtihani, amini. Wadudu watano kwa siku wanatosha, na jioni mweleze mtu ambaye hasomi famasi, mimi nilikuwa namweleza mama ntilie wetu mpaka akawa ananiuliza "leo yupi?" Mkia nao una kazi yake bwana, E. coli anayepanda kwenye njia ya mkojo anatumia mkia huohuo kuogelea kwenda juu.

11 kati ya 30 inafutika.

Habari dada. Nilikuwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwenye famasi moja ya mtaani. Kuna bibi anakuja, "mjukuu wangu nipe zile za rangi mbili, nne tu, nina mafua." Nikimwambia haifai anasema mbona wenzio wananipa, na mwenye duka ananikonyeza niuze. Nifanyaje?

Hii imenigusa maana sote tumepita. Kwanza usimtolee bibi wa watu lekcha. Mwambie, "Bibi shikamoo, kaa kidogo," muulize mafua yana siku ngapi, ana homa, anabanwa kifua, anapumua vizuri. Mara nyingi kinachompeleka pale ni kusikilizwa. Halafu mwambie kwa lugha yake kwamba mdudu wa mafua ni virusi na zile za rangi mbili ni antibayotiki, hazimgusi kabisa, umpe paracetamol kama ana maumivu, maji mengi, na dalili za kumrudisha hospitali.

Kidonge nne sio msaada. Utumboni kwake kuna bakteria chungu nzima, dawa kidogo inaua wale dhaifu inawaacha wabishi, na wabishi wana tabia ya kugawiana plasmidi, vipande vidogo vya DNA vyenye jeni za usugu, hata kwa bakteria wa ukoo mwingine, kama watu wanaorushiana madesa. Fleming aliyegundua penisilini alilionya hili mwaka 1945 wakati anapokea Nobel. Mwaka 2019 vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa milioni 1.27 duniani.

Kuhusu mwenye duka, sitakudanganya, ukiwa fildi huna nguvu ya kugombana naye. Ila antibayotiki kisheria ni dawa ya cheti, hilo unaweza kulisema kwa upole mbele ya mteja na yeye atashindwa kukubishia hadharani. Akitaka auze, auze kwa mkono wake. Na umwambie msimamizi wako wa chuo, ndo kazi yake.

Mwanangu mfamasia, hujambo? Mimi ni mzazi, Morogoro. Binti yangu anasomea famasi, ananiambia wanaotesha wadudu kwenye visahani. Likizo anakuja na koti lake jeupe anafua na nguo za wadogo zake. Hatatuletea TB humu ndani?

Shikamoo mama. TB ondoa wasiwasi, huyo anaoteshwa kwenye maabara maalum zenye ulinzi mkubwa, sio ile ya wanafunzi. Hao wa kwenye visahani vyake wengi ni wa kawaida, ila wa kawaida haina maana wa kuchezea. Koti halitakiwi kusafiri, likae chuo, na likija kwa bahati mbaya liloweke peke yake kwenye jiki kisha lifuliwe kwa maji ya moto na lianikwe juani. Kucha fupi, mikono isafishwe kabla ya kutoka maabara, simu isiwekwe juu ya meza ya kazi. Hilo la simu mama mkazie, maana wao wanaosha mikono vizuri kabisa halafu wanashika simu ileile wanakuja nayo mezani wakati wa chakula.