Muulize Daktari wa Wanyama: Shume anayekojolea mlango wangu

*Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, sifugi paka na sijawahi kufuga. Huu mwezi wa pili kuna shume wa kijivu, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika, anakuja kila alfajiri kukojolea mlango wa mbele. Akitoka hapo anaingia kwenye tuta langu la maua, anafukua, anajisaidia, huyo anakwenda zake. Nimemrushia kandambili. Nimemmwagia maji. Nimesugua mlango kwa dawa kali mpaka macho yakanitoka machozi. Kesho yake yuko palepale. Jirani ananiambia nimtegee sumu. Kuua sitaki, lakini nimechoka. Nimemkosea nini paka huyu?*
*— Niliyechoka Kuzoa*

Marahaba, mama. La sumu tulimalize kwanza: usitege. Sumu haichagui. Ataila paka wa mtu, mbwa, kuku, na Mungu apishe mbali, mtoto anayetambaa. Na aliyeila hafi papo hapo kama watu wanavyojidanganya. Nimewapokea mezani kwangu wakitetemeka mwili mzima, na wengi wao nimeshindwa kuwaokoa. Mshukuru jirani kwa kukujali, kisha umkatalie.

Sasa huyo shume. Hujamkosea kitu. Barua yako imeeleza mambo mawili tofauti ukayafanya kosa moja, na ndiyo maana dawa zako zote zimegonga mwamba. Mlangoni anaandika. Kwenye tuta anakwenda haja.

Siku moja jizuie kumfukuza, umtazame ukiwa dirishani. Paka anayekojoa kwa sababu kibofu kimejaa huchuchumaa, makalio chini, mkojo mwingi, kisha hufukia. Huyu wako nakuhakikishia hachuchumai. Anaugeuzia mlango mgongo, anasimama wima kwa miguu yote minne, mkia juu kama mlingoti, ncha yake ikitetemeka. Halafu anarusha kidogo tu, kwa nyuma, pale hasa pua ya paka mwingine itakapofika. Hilo ni tangazo: fulani nimepita hapa, asubuhi hii, na bado nina nguvu. Tangazo la harufu huchuja, kwa hiyo lazima arudi kulihuisha. Nawe kila ukilifuta, unampa sababu ya kuliandika upya.

Tena inategemea umelifuta kwa dawa gani. Dawa nyingi za kusafishia zinazochoma macho zina amonia, na mkojo wa paka ukioza hutoa amonia hiyohiyo. Kwa pua yako mlango umekuwa safi. Kwa pua yake kuna dume mwingine amekuja usiku kumjibu! Dawa ya klorini nayo usiimwage juu ya mkojo, wala usiichanganye na ile ya amonia. Zikikutana hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Pengine yale machozi hayakuwa ya ukali wa dawa peke yake.

Fanya hivi. Kausha kwanza kwa kitambaa, usisugue. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, ile inayotajwa kuwa inaondoa madoa ya damu na jasho. Iache ikae kwanza, usiwe na haraka ya kuisuuza. Mkojo wa paka una chembechembe zinazonuka ambazo maji matupu hayaziondoi. Zinabaki kwenye vinyweleo vya mbao na saruji zikiwa kavu, kimya, na siku hewa ikipata unyevu zinanuka upya. Vimeng'enya ndivyo vinavyozimeng'enya. Rudia mara mbili tatu, na usisahau kizingiti na ukuta wa pembeni, maana mara nyingi tunaosha tunapoona doa na kuacha yaliporukia matone.

Tuta la maua ni hadithi nyingine. Na hapa niungame. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mzee mmoja aliniuliza swali kama lako, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: nyunyiza pilipili ya unga. Baada ya siku chache akaniletea paka mwenyewe, kamfunga kwenye taulo. Alikuwa amekanyaga pilipili, akajilamba nyayo kama paka wote wanavyofanya, kisha akajifuta uso kwa mguu uleule. Jicho moja lilikuwa limevimba mpaka halifunguki, ulimi mwekundu, mate yanachuruzika. Nilimwosha macho kwa maji ya chumvi ya hospitali huku mzee amesimama pale akinitazama. Hakusema neno. Tangu siku hiyo pilipili siitaji tena, na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini siviruhusu bustanini. Vile ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni peremende. Mafuta makali ya kunukia nayo yaache, kwani ini la paka halina uwezo wa kuyavunja kama letu.

Kinachofanya kazi ni kuliharibia tuta sifa yake ya choo. Paka anatafuta udongo mkavu, laini, unaofukulika. Ukimtazama utaona: ananusa, anazunguka kidogo, anakwangua mara mbili kwa mguu wa mbele kupima. Udongo ukimkatalia hapo, anahama. Basi mkatalie. Mwagilia jioni badala ya asubuhi, ili alfajiri akute tope. Panga mawe ya ukubwa wa ngumi katikati ya mashina. Au laza wavu wa kuku juu ya udongo, ukate matundu ya mimea, kingo uzikunje na kuzifukia zisimchome. Kwangu mimi huo wavu ndio mfalme. Unautandika mara moja, baada ya wiki chache majani yameufunika na hata wewe umeusahau.

Maganda ya machungwa? Paka wengi hawayapendi, kweli, lakini harufu yake haidumu. Ukiyategemea utakuwa mtumwa wa kumenya. Vile vifaa vinavyotoa mlio ambao binadamu hausikii havina uhakika. Paka husikia mpaka kama kilohezi 64, sisi tunaishia 20, kwa hiyo mlio unamfikia vizuri tu. Wengine unawakera, wengine nimewakuta wamelala mbele ya kifaa chenyewe. Kinyunyizio cha maji kinachojiwasha kikihisi mwendo ni bora zaidi, na sababu yake inakuhusu. Ulipomrushia kandambili, hakujifunza kuogopa mlango. Alijifunza kukuogopa wewe, akachagua saa ambayo hujaamka. Kinyunyizio hakilali, wala hakina uso wa kukwepa.

Limebaki la shume mwenyewe. Umesema kichwa kikubwa, sikio limechanika. Mashavu yale mapana ni kazi ya homoni za kiume, na sikio ni kumbukumbu ya ugomvi. Huyo hajahasiwa. Madume wengi wakihasiwa huacha kurusha mkojo au hupunguza sana, ingawa si siku hiyohiyo. Homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Ulizia majirani kama ana mwenyewe, kwa upole, si kwa kushtaki. Kama hana, zungumzeni mchange, mtafute daktari wa mifugo au kikundi cha ustawi wa wanyama wenye kizimba cha kutegea. Anategwa kwa chakula, anahasiwa, anachanjwa kichaa cha mbwa, anarudishwa palepale. Ukiona paka wa mtaani mwenye ncha ya sikio iliyokatwa sawasawa kama kwa mkasi, huyo kazi yake imeshafanyika.

Najua utauliza: arudishwe kwa nini tena, tumtupe mbali! Ukimwondoa, chakula kilichomvuta na maficho yake vinabaki, na nafasi hiyo haikai wazi muda mrefu. Atakuja mwingine, kijana, hajahasiwa, ataanza kuandika mlango wako mwanzo mpaka mwisho. Bora huyu uliyemzoea, akiwa ameacha kuandika. Na pipa la taka liwe na kifuniko kinachobana.

Unapozoa, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na mayai ya kimelea cha toksoplazma, ambayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo zoa mapema, usilimbikize. Mjamzito asizoe kabisa, na mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe usiku.

*Daktari, usiku paka wanalia dirishani kama watoto wachanga. Wanapigana au wanafanya nini? Silali.*
*— Macho Makavu*

Wanafanya vyote viwili, ndugu yangu. Anayelia kwa kuvuta sauti ni jike aliye kwenye joto, na wanaongurumiana ni wachumba wake. Paka jike kwa kawaida hapevushi yai mpaka apandwe. Asipopandwa joto hutulia kisha humrudia baada ya wiki mbili tatu, ndiyo maana unaona kama kelele haziishi. Akipandwa, hubeba mimba kama siku 63 mpaka 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Jike wa miezi minne au mitano tu anaweza kushika mimba. Maji ya ndoo yatakupa dakika kumi za utulivu. Kumfunga uzazi huyo jike mmoja kutakupa usingizi.

*Kuna paka amezaa stoo kwetu. Nikifungua mlango ananifyonya kama nyoka. Nataka kuhamisha vitoto, nifanyeje?*
*— Mwenye Stoo*

Usiviguse leo. Kufyonya si ujeuri, ni hofu. Anakuomba usifike mahali ambapo itambidi akurarue. Ukimwacha siku chache, mara nyingi atavibeba mwenyewe kwa meno, kimoja kimoja, kwenda anakoona kuna amani. Ukivikuta peke yake usidhani vimetupwa, mama huenda kutafuta chakula kwa saa kadhaa. Kama ungependa vije kufugwa, umri wa kuvizoesha mikono ya watu ni wiki ya 2 hadi ya 7. Ukichelewa unafuga paka wa porini ndani ya nyumba. Na akikukwaruza au kukung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

*Shikamoo daktari. Paka wangu nikimgombeza anakuja kujisugua miguuni. Anaomba msamaha?*
*— Mwanafunzi wa Darasa la Sita*

Marahaba, mwanangu. Natamani ningekujibu ndiyo. Ana tezi za harufu mashavuni na kidevuni, kwa hiyo anapojisugua anakutia alama kwamba wewe ni wa kwao. Paka anakupaka, basi. Ukitaka kumjibu kwa lugha yake, mtazame, fumba macho polepole, fumbua. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walilipima jambo hilo, wakakuta paka hurudisha kope hizo polepole, na humkaribia zaidi mtu aliyewafumbia. Mimi hujaribu kazini kabla ya kuchoma sindano. Wapo wanaonirudishia. Nikifika nyumbani jioni, mbwa wangu hunusa suruali yangu kuanzia pindo mpaka gotini, taratibu, kama mzee anayesoma gazeti.