Tovuti Inayosomwa na Asiyeona Ndiyo Inayoonekana Google

Juma lililopita niliandikiwa na mdogo wangu mmoja wa Kisauni, msichana anayejifunza kutengeneza tovuti, akitaka kujua siri ya duka la viungo la Mji wa Kale ambalo mimi ndiye ninayelisimamia mtandaoni. Anasema kila akitafuta bei ya iliki au pilau masala ya Mombasa, duka hilo hutokea juu ya maduka makubwa yenye tovuti za gharama, ilhali yeye ameyajaza maneno ya utafutaji kila pembe ya tovuti ya mteja wake na hajaona faida. Nimeamua kumjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wetu tunaofanya kazi hii Pwani tunataka jambo lile lile: mteja aonekane kwenye ukurasa wa kwanza bila ya kulipia matangazo kila mwezi.

Jibu langu ni kwamba tovuti ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioona kabla ya kutengenezwa kwa ajili ya Google.

Ami yangu alikuwa karani bandarini hadi presha ya macho ilipomwondolea uwezo wa kuona. Alipopata simu yenye TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye kioo, alirudia kujifanyia mambo yake mwenyewe, na hilo lilimrudishia heshima kuliko pole zote tulizompa. Binti yake alipoposwa, ami alitaka kutafuta ukumbi wa arusi kwa mkono wake. Nilikaa naye barazani nikisikiliza. Tovuti ya hoteli ya kwanza ilitamka "kitufe kisicho na lebo", ikatamka tena na tena, kisha ikaanza kusoma jina la faili ya picha iliyotoka WhatsApp: IMG, tarakimu nane, WA, sifuri, sifuri. Picha hiyo ilikuwa bango lenye bei za kumbi, idadi ya wageni wanaoenea na nambari ya simu ya kuagizia. Yote aliyoyahitaji yalikuwa mle ndani, wala halikumfikia hata neno moja. Aliiweka simu kando akasema, "Hawa hawana ukumbi."

Baadaye niliitafuta hoteli hiyo kwa maneno ambayo mtu wa Mombasa angeyatumia kutafuta ukumbi wa arusi, na sikuiona. Google nayo ilikuwa imefikia uamuzi ule ule wa ami. Roboti linalopita kwenye tovuti kukusanya habari linaweza kutambua baadhi ya vitu vilivyomo pichani, lakini tegemeo lake kubwa ni maandishi na mpangilio wa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, kama ilivyo kwa kisoma skrini cha namna ya TalkBack.

Nilimwendea meneja wa hoteli ile nikiwa na maelezo niliyoyaandaa vizuri. Alinisikiliza huku macho yake yako kwenye simu, kisha akaniuliza kipofu atakuja ufukweni kutazama nini. Neno hilo bado linaniuma, na sitajifanya kwamba nimelisahau. Kipofu huyo alikuwa amebeba fedha za arusi ya binti yake, na fedha hizo zikaenda kwingine.

Mwenye duka la viungo alikuwa mtu wa namna nyingine. Ni mama wa makamo aliyerithi biashara kwa wazee wake, na nilipomweleza habari za ami aliniambia, "Mwanangu, kama mteja wangu hasomi, mimi nitamsomea." Tukaanza na orodha ya bei, ambayo nayo ilikuwa bango. Niliigeuza ikawa jedwali la maandishi, kila kiungo na uzito wake na bei yake. Kila bidhaa ikapata kichwa chake kilichowekwa kwa msimbo wa kichwa, si maandishi yaliyonenepeshwa tu, kwa sababu msomaji wa TalkBack huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama sisi tunavyopitisha macho, na Google huvitumia vichwa hivyo kuelewa ukurasa unazungumzia nini. Picha ya iliki iliyokuwa na jina la tarakimu ikapata maandishi mbadala, yaani maelezo yanayosomwa badala ya picha, yasemayo "Iliki ya kijani ndani ya pakacha, dukani Mji wa Kale". Linki iliyosema "bonyeza hapa" ikawa "tazama bei ya pilau masala". Video ya mama akichanganya masala ilipata manukuu na maelezo kamili ya maandishi chini yake, na maelezo hayo ndiyo yaliyotuletea watu wanaouliza jinsi ya kupima bizari nyembamba na mdalasini.

Katika Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani watu wameyatafuta wakaiona, nikaanza kuona duka likitokea kwa maswali ambayo hatukuwahi kuyafikiria. Nakiri nilifurahi mno, na nikampigia ami kabla ya kumpigia mwenye duka.

Hata hivyo ni lazima niseme ukweli, kwa kuwa wapo wanaouza uongo katika jambo hili. Google haitoi alama za ufikivu, yaani wepesi wa tovuti kutumiwa na wenye ulemavu, zinazoipandisha tovuti moja kwa moja. Ukimwahidi mteja kwamba akiweka maandishi mbadala kesho atakuwa wa kwanza, unamdanganya. Faida huja kwa njia ya mambo ambayo Google inayasoma kweli: maandishi ya linki, maelezo ya picha, mada ya ukurasa, mpangilio wa vichwa na wepesi wa kufunguka. Tamko la lugha kwenye msimbo, kwa mfano, humsaidia sana asiyeona, maana bila hilo Kiswahili chake huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, lakini Google huitambua lugha kutokana na maandishi yenyewe wala haitegemei tamko hilo. Liweke hata hivyo.

Kuhusu wepesi, Google hutaka kitu kilicho kikubwa kuliko vyote kwenye kioo, kama picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, na hupima pia kama vitu vinarukaruka wakati ukurasa unafunguka. Kuruka huko kunamsumbua anayekuza maandishi na anayetetemeka mikono, kama kunavyomsumbua mtu aliye kwenye feri ya Likoni mwenye bando dogo na jua la saa saba likimpiga kiooni. Huyo naye hataona maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. Miongozo ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kuzifanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, ya W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Rangi yenyewe haimpandishi mtu Google, lakini mteja asiyeweza kusoma bei hanunui, na kuonekana kusikoleta mauzo hakuna faida.

Kosa ninaloliona sana siku hizi ni watu kugeuza maandishi mbadala kuwa debe la maneno ya utafutaji: "iliki bei nafuu Mombasa iliki bora iliki Kenya". Google imekataza jambo hilo kwa maandishi katika mwongozo wake. Zaidi ya hayo, fikiria mzee anayelazimika kuusikiliza upuuzi huo neno kwa neno. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa, na Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki hizo mwaka 2008. Sisi tunaotengeneza tovuti tusingoje mpaka tushitakiwe. Tunaijua kazi, na tunalipwa kwa kuifanya ikamilike.

Basi mdogo wangu, anza na ukurasa unaomletea mteja wako fedha. Weka kipanya kando, uupitie wote kwa kitufe cha Tab, uone kama unafika hadi kwenye fomu ya kuagiza. Washa TalkBack, funga macho, usikilize. Kila utakaposikia jina la faili au kitufe kisicho na lebo, andika maneno ambayo ungemwambia mtu aliyekaa kando yako. Yafute yale maneno uliyoyajaza pembeni. Kisha ingia Search Console, uiombe Google iupitie ukurasa huo upya, na umweleze mteja mapema kwamba matokeo huchukua majuma, wakati mwingine miezi, ili asije akakata tamaa njiani akarudi kwenye bango.