Barua kwa mwanangu: manjano na shali ya mtoto

Mutheu mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza utie vijiko vingapi vya manjano kwenye uzi wa gramu 200 ili shali ya mtoto iwe njano ya kuwaka. Nitafika huko. Kwanza niambie, uzi wenyewe ni sufu kweli? Nyuzi nyingi za madukani mjini ni akriliki, uzi wa plastiki, na akriliki haishiki rangi za mimea. Choma ncha ndogo kwa kiberiti. Ikinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika ukilifinya, hiyo ni sufu. Ikiyeyuka na kubaki kijishanga cheusi kigumu, ifume hivyo ilivyo, usiipeleke jikoni. Uzi kwanza, rangi baadaye. Wimbo wangu unaujua.

Halafu shabu, ile chumvi ya kushikiza rangi kwenye uzi. Pima uzi ukiwa mkavu, kisha tia shabu asilimia 10, yaani gramu 20 kwa uzi wako. Tumia mizani, maana shabu ikizidi sana sufu inanatanata mkononi. Funga shada la uzi mahali panne kwa vifundo vilegevu. Ukikaza, chini ya fundo patabaki peupe. Liloweke usiku kucha kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa sababu sufu hubeba hewa, na penye hewa rangi haiingii.

Shabu iyeyushe pembeni kwa maji moto, uimimine kwenye sufuria yenye lita 6 za maji vuguvugu, ndipo utie uzi. Pandisha moto polepole kwa muda wa saa nzima hadi nyuzi joto 80 au 85. Usisubiri yachemke. Hapa Nairobi, kwa jinsi tulivyo juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na mapovu yanayotikisa sufu ndiyo yanayoifanya ishikane na kusinyaa. Ikae kwenye joto hilo saa moja, bila kukorogwa, kisha ipoe humo humo. Kuitoa motoni na kuitumbukiza kwenye maji baridi ni kuiharibu kusudi. Sufuria ya kawaida ya aluminiamu haina neno, ila isirudi tena kupikia chakula. Ya chuma iepuke, itaifanya njano iwe kijani kilichofifia.

Sasa manjano. Unaikumbuka sweta ya shangazi yako, ile susu, bibi yako, aliyoifuma kwa ajili ya ntheo, sherehe ya ndoa ya Kikamba? Njano ile! Watu waliulizana imenunuliwa wapi. Kisha mtu mmoja, simtaji, akaifua kwa sabuni ya kipande, ikatoka na mabaka mekundu mgongo mzima. Jikoni kukawa na kesi, kila mtu ana mshukiwa wake. Susu hakusema kitu. Alikamua limau kwenye beseni, akaizamisha, na wekundu ukapotea tukitazama. Manjano ndivyo yalivyo: yakikutana na sabuni kali au magadi huwa mekundu, yakipata asidi hurudi. Bado nacheka nikikumbuka nyuso zao.

Ila jua halina limau. Baada ya kuanikwa uani mara kwa mara, mabega yalififia hadi rangi ya maziwa, na kwapani pakabaki njano. Kazi yote ile ya mikono ya susu! Hilo silicheki.

Utaniambia mtoto hashindi juani. Kweli. Na shali ataiacha kabla haijafifia, hilo nalo kweli. Lakini shali ya mtoto hufuliwa kila mara, na maji ya kisima ya huko Rongai yana chumvi na magadi yake. Badala ya manjano, maganda makavu ya vitunguu, gramu 200, yachemshwe saa moja, yachujwe, yapozwe, kisha uzi wenye shabu uingie na kupandishwa joto vilevile. Utapata rangi iliyo kati ya dhahabu na zeituni, na itastahimili jua kuliko manjano. Wauza vitunguu wa soko la Marikiti huyafagia tu, utayapata bure. Haitawaka kama manjano, nakubali. Hakuna kinachowaka kama manjano.

Shali ni yako, mimi nanyamaza. Kama moyo bado uko kwenye manjano, acha vijiko: gramu 60 za unga, zifungwe kwenye kitambaa ili chembe zisinase ndani ya uzi, dakika 45 kwenye nyuzi 80. Suuza kwa maji ya mvua yenye siki kidogo. Ifue kwa shampuu, uianike kivulini. Na kabla ya yote, uzi kwanza.

Shabu ninayo kwenye mkebe wa majani chai. Kaka yako anapita huko Jumamosi, nitampa pamoja na mizani. Mizani irudi.

Mama