Fildi kwenye kampuni ya uhusiano wa umma: magazeti, mkasi na simu iliyokatwa

Siku ya kwanza ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, nilivaa suti. Nilijiona nimeketi na wateja tukijadili sura ya kampuni zao mbele ya jamii. Nikapewa rundo la magazeti, mkasi na kiti karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kupitia kila ukurasa, kukata kila habari iliyomtaja mteja wetu, kuibandika kwenye karatasi na kuandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Wiki mbili nzima!

Nilinung'unika kimoyomoyo. Lakini kufikia siku ya kumi nilikuwa namjua mwandishi wa biashara, namjua aliyeacha afya akahamia michezo, najua gazeti lipi hutoa ukurasa wa kilimo na siku gani. Huo ndio mtaji wa kazi hii. Kwa hiyo ukipewa magazeti usiishie kutafuta jina la mteja. Tazama na jina la mwandishi, uliandike. Mimi nilifungua jedwali la Excel: jina, chombo, anachoandika, habari yake ya mwisho. Msimamizi wangu alipoliona ndipo aliponipa kazi yenye uzito kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga simu, na nikaiharibu. Tulikuwa tumetuma taarifa kwa vyombo vya habari, nikaambiwa nifuatilie. Saa kumi na moja jioni nikampigia mwandishi mmoja wa gazeti la kila siku: "Samahani kaka, umeipata taarifa yetu?" Akajibu, "Dogo, zinaingia kama mvua," akakata.

Nilikosea mara mbili. Kwanza muda: jioni ndipo kurasa za kesho zinapofungwa, na mtu ana mhariri mgongoni. Asubuhi, baada ya kikao chao cha habari, angalau husikiliza. Pili, swali langu halikumpa chochote. Dada msimamizi aliniambia nisiinue simu kama sina la kuongeza: picha, takwimu, au msemaji aliye tayari kuhojiwa leo hii. Tangu hapo nilikuwa naandika sentensi mbili kwenye karatasi kabla ya kubonyeza namba. Fanya hivyo hata kama unajiamini.

Kuandika nako kulinivua nguo. Taarifa yangu ya kwanza ilianza, "Kampuni ina furaha kubwa kutangaza..." Msimamizi alichora mstari mwekundu hadi aya ya nne, ambako habari yenyewe ilikuwa imejificha. "Furaha ya nani?" akauliza. Nani, nini, lini, wapi na kwa nini, vyote vikae juu, maana mhariri aliyebanwa na nafasi hukata kuanzia chini.

Ukitaka kuelewa chimbuko la taarifa kwa vyombo vya habari, msome Ivy Lee, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii ya uhusiano wa umma. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kule Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli enzi zile ilikuwa kuficha ajali. Lee aliwashawishi wakubwa watoe maelezo wenyewe kabla uvumi haujatapakaa, na waandishi wakapelekwa hadi eneo la tukio. Wengi huitaja taarifa ile kuwa ya kwanza ya aina yake. Haikuanza na furaha ya mtu.

Kuna jambo moja utakaloambiwa ulifanye, na ulifanye huku umefumbua macho. Mwisho wa mwezi nilipewa rula nipime sentimita za kila habari niliyokata, kisha nizidishe kwa bei ya tangazo, ili mteja aonyeshwe "thamani" aliyopata. Lakini mwaka 2010 wanataaluma wa kupima matokeo ya mawasiliano walikutana Barcelona, na miongoni mwa kanuni walizopitisha ni kwamba hesabu hiyo si thamani ya uhusiano wa umma. Hata habari ya kumtukana mteja ina sentimita zake! Sikubishana na ofisi, nilikuwa mwanafunzi. Niliongeza tu safu moja kwenye jedwali: habari ni nzuri, mbaya au ya kati. Mteja aliiulizia safu hiyo kuliko zile fedha.

Mengine ni ya haraka. Ukituma barua pepe kwa waandishi wengi, ficha anwani zao. Taarifa iliyoandikwa "isitangazwe kabla ya saa fulani", usimwonyeshe hata mnayelala chumba kimoja. Usijipige picha mezani, nyuma yako kuna ubao wenye siri za mteja. Na daftari la fildi lijaze kila jioni, kwa sababu msimamizi wa chuo hutokea siku ambayo hukumtarajia. Wangu alinikuta nikiwa na gundi vidoleni, akaomba aone jedwali la waandishi, akakaa nalo nusu saa.