Kwa anayetaka kupanda Longido bila kiongozi

Mkuu, umesema unaishi Arusha, Kilimanjaro umeichoka kwa msururu wa watu, na mfuko haufiki Meru. Ukauliza kama Longido unaweza kwenda peke yako, mradi simu ina ramani. Nimepanda mara mbili. Ya kwanza niliamini simu.

Mlima wenyewe unauona ukiwa bado barabarani, kama kilomita 80 kutoka mjini kwa njia ya Namanga. Una mita 2,600 na ushee. Ukiutazama pale senta unasema hichi ni kilima, nakula chapati mbili napanda narudi. Ndivyo tulivyosema mimi na jamaa yangu. Tukaanza saa tatu asubuhi, jua limeshachachamaa, kila mtu na maji lita moja na nusu.

Watu hudhani mlima usio na wageni hauna njia. Longido shida ni kinyume chake, njia zimezidi. Ng'ombe na mbuzi wanapita kila upande, na kila kwenye kichaka njia inagawanyika. Zote zimekanyagwa vizuri, zote zina mavi mabichi, zote zinaonekana ndiyo yenyewe. Ule mstari wa kwenye simu ulikuwa unatupitisha juu ya korongo. Saa nane tulikuwa ndani ya hilo korongo, miba ya migunga imechana mikono, maji yamebaki ya kulowesha ulimi. Aliyetutoa ni dogo mchunga mbuzi, sidhani kama alifika miaka kumi na miwili. Alituangalia kwanza, akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Hii ni njia ya mbuzi," akasema. "Nyie mnaenda wapi?" Hatukuwa na jibu.

Kuhusu maji, uchukue lita tatu, nne ukiweza. Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitokea upande wa Kenya kuja kuwafurusha Wajerumani hapo hapo Longido. Walipigwa, na nyumbu wa mizigo (wale chotara wa punda na farasi) waliobeba maji yao wakatimka. Jioni ile ile wakaamua kurudi walikotoka. Jeshi zima, sembuse wewe na chupa yako ya maji ya Kilimanjaro.

Mara ya pili nilikwenda ofisi ya utalii wa kitamaduni pale pale Longido, nikapewa kijana wa Kimaasai. Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chini ni vumbi na migunga, halafu unaingia msitu wa ukungu, miti imeota ndevu, baridi inakushika shingo ghafla. Huko ndiko waliko nyati. Meru unapewa askari mwenye bunduki kwa ajili yao. Hapa una kijana mwenye fimbo na masikio yake.

Sehemu moja alisimama, akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka. Mbele yetu palikuwa na kinyesi. Akakipasua kwa ncha ya fimbo, ndani bado kibichi kabisa, kinang'aa. Akagonga shina la mti mara tatu, akakohoa kwa nguvu kama mzee anayebisha hodi, tukasubiri. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mti wa kupanda, na nakuambia ile miti yote ilikuwa na utelezi. Kichaka kikavunjika mahali fulani upande wa kushoto, sauti ikashuka bondeni. Ndipo akaendelea, anazungumzia mambo ya mahari ya kaka yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwisho ni mwamba, unapanda kwa mikono. Ukungu ukifunguka unaona Meru, Kilimanjaro na tambarare za Kenya. Tulikuwa wawili tu mlima mzima.

Kushuka ndiko kunakoumiza: majani mabichi juu ya mawe, magoti yanalia. Kata fimbo mapema. Kwenda na kurudi hesabu masaa manane hadi kumi, na mwachie mtu nyumbani saa unayotegemea kurudi.

Halafu gari. Za jioni kutoka Namanga zinafika Longido zimeshajaa. Mimi nilisimama na hayo magoti mpaka Ngaramtoni, yeyo mmoja, mama wa Kimaasai, ameniwekea kidumu chake cha maziwa juu ya mguu, na sikuwa na nguvu ya kumwambia akitoe.