Maswali na Majibu: Mtaalamu wa Maabara Akija Darasa la Tano

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Ninafundisha sayansi Darasa la Tano, wanafunzi 84, maabara hatuna. Mzazi mmoja, mtaalamu wa kupima maji, amejitolea kuja kufundisha kwa vitendo. Mwaka jana mgeni mwingine alihutubia mpaka kengele ikalia. Safari hii nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mzazi huyo anayajua maji; watoto 84 unawajua wewe. Baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, onaneni wiki moja kabla, mchague jambo moja tu. Kwa mpima maji, asidi na alkali panamfaa, na rosela, ambayo maji yake hubadilika rangi yakikutana na asidi au alkali, ipo sokoni. Mwombe mwalimu wa taaluma vipindi viwili mfululizo, maana dakika 40 huishia kwenye kugawa vikombe.

Makundi 14 ya watoto sita, kila kundi vikombe vitatu vyeupe vya plastiki, kila kikombe vijiko viwili vya chakula vya maji ya rosela. Lita moja na nusu inatosha. Loweka kiganja kimoja cha rosela kavu katika nusu lita ya maji ya moto kwa dakika kumi, chuja, kisha ongeza maji baridi mpaka rangi iwe ya waridi hafifu.

Hapo kwenye wepesi wa rangi ndipo wengi hukwama. Rosela yenyewe ni chachu. Ikiwa nzito, ukitia limau hakuna kinachoonekana, na watoto watasema jaribio limekufa. Maji nayo yajaribuni mapema: ya kisima chenye chumvichumvi huweza kuibadili rangi kabla hamjatia chochote. Ya mvua ndiyo salama.

Kikombe cha kwanza kiachwe kama kilivyo, cha kulinganishia. Cha pili kitiwe limau. Cha tatu kitiwe, tone kwa tone, maji ya magadi (kijiko kimoja cha chai kwa glasi). Rangi itaelekea kijani. Kabla ya kutia, kila mtoto aandike anachotarajia. Kisha watie limau katika kile cha tatu: kitatoa povu na wekundu utarudi. Msichelewe, kwa kuwa rosela ikikaa kwenye magadi hufifia ikawa ya njano chafu.

Magadi ayakoroge mtu mzima, kwani yakiingia machoni huunguza. Tone litiwe kwa kijiko cha chai. Mrija usiwape kabisa, mtoto ataufyonza.

Mgeni azungumze dakika tano mwanzoni, halafu azunguke kwenye makundi akiuliza, “Umeona nini?” Majibu asiyatoe yeye. Wewe usitoke darasani kwenda kusahihisha madaftari: nidhamu ni yako, na watoto hawaachwi peke yao na mgeni, hata akiwa mzazi.

SWALI: Je, tumlipe?

JIBU: Nauli, ndiyo, na mwafikiane kabla. Mkiwa na fedha kidogo, afadhali ziwe nauli ya kuja mara mbili kuliko zawadi ya mara moja. Mara ya pili watoto walete vya nyumbani: maji ya majivu, ukwaju, sabuni ya unga.